Jaribio la mtindo wa poka
Jaribio la mtindo wa poka ni dodoso la mtandaoni linalompanga mcheza karata katika kundi kutokana na majibu yake. Hupima hasa mambo mawili: anaingia katika mizunguko mingapi, na akishaingia, hupandisha dau au hufuata tu la mwenzake?

Hapo huzaliwa makundi manne. Mcheza poka Phil Hellmuth wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2003, *Play Poker Like the Pros*, alipendelea kuyapa makundi kama hayo majina ya wanyama: panya mwoga, bweha mwenye pupa, tembo anayefuata kila dau, simba mvumilivu, na juu ya hao wanne tai, daraja la mabingwa wachache mno.

Kasoro ya jaribio ni kwamba mtu hujibu anavyojiona, na nani atajiita panya? Programu zinazorekodi michezo huaminika zaidi, kwani huhesabu asilimia ya mizunguko ambamo mchezaji alitia fedha kwa hiari kabla ya karata za pamoja kufunuliwa.