Mbao Chini ya Amplifaya: Karne ya Ufundi wa Nyumbani

Amplifaya ya valvu inayotengenezwa nyumbani siku hizi, iwe Japani, Ufaransa au Marekani, aghalabu hukalia kitako cha mbao: fremu iliyopigwa randa na msasa, pembe zake zimeungwa kwa makini, vanishi inang'aa, na juu yake zimesimama taa za kioo na transfoma nzito. Wengi huziona mbao hizo kama pambo la kufichia nyaya. Historia inasema vingine. Amplifaya za kwanza za nyumbani zilijengwa juu ya ubao, zikahamia kwenye chuma kwa sababu za kiumeme zinazoeleweka, kisha zikarudishwa kwenye mbao na watu ambao chuma hakikuwapungukia. Safari hiyo ya kwenda na kurudi inahitaji maelezo, na maelezo yenye ushahidi zaidi ni haya: mbao zilimwezesha mtu asiye na kiwanda wala shahada kujenga chombo cha kielektroniki kwa mikono yake na kukielewa. Faida hiyo ingalipo, mradi mjenzi ajue kazi ya mbao inakomea wapi na ya chuma inaanzia wapi.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alibuni valvu yenye elektrodi tatu aliyoiita Audion. Kwa miaka kadhaa ilitumika kunasa mawimbi ya redio tu. Uwezo wake wa kukuza sauti ulidhihirika mwaka 1912, de Forest alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Federal Telegraph huko Palo Alto, California, naye akaupeleka ugunduzi huo kwa kampuni ya simu ya AT&T. Wahandisi wa simu, Harold Arnold akiwa mstari wa mbele, waliiboresha valvu hiyo kwa kuondoa hewa zaidi ndani ya kioo, na tarehe 25 Januari 1915 laini ya simu kati ya New York na San Francisco ikazinduliwa kwa msaada wake. Audion zilizouzwa kwa umma zilifungwa katika visanduku vya mbao, na waliofanya majaribio nyumbani nao walipanga vifaa vyao juu ya vipande vya ubao. Sababu yao ilikuwa ya kiufundi. Ubao mkavu haupitishi umeme kwa urahisi, kwa hiyo kila skrubu inayozama ndani yake hujitegemea na inaweza kuwa kituo cha kuungia waya. Bamba la chuma lingedai kila tundu livishwe kizuizi cha umeme, la sivyo saketi ingepiga shoti. Isitoshe, ubao ulihitaji msumeno na keekee tu, zana ambazo zilikuwamo katika nyumba nyingi hata kabla umeme wenyewe haujafika.

Miaka ya 1920 iliugeuza ubao huo kuwa shule. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani usiku wa tarehe 2 Novemba 1920, na baada ya hapo hamu ya redio ikaenea upesi. Redio ndogo ya wakati huo ilitosha hedifoni tu; mmoja akisikiliza, wengine walisubiri zamu. Kilichoifanya sauti kuwa ya nyumba nzima ni amplifaya ya hatua mbili: valvu mbili, zikisaidiwa na transfoma za kupandisha volti, zikisukuma spika ya tarumbeta. Valvu ya UV-201A, iliyotoka mwanzoni mwa muongo huo, ilihitaji robo ampea tu ya kuwashia, ilhali UV-201 iliyoitangulia ilimeza ampea nzima. Hivyo kuongeza hatua moja ya ukuzaji hakukumaanisha tena kuimaliza betri kwa haraka. Huko Philadelphia, Atwater Kent, mwenye kiwanda cha vifaa vya kuwashia injini za magari, alianza kuuza vipande vya redio na amplifaya vilivyofinyangwa kwa bakelaiti ili mnunuzi avipange mwenyewe juu ya ubao. Baadaye akauza seti zilizokwisha kupangwa, zikiwa bado wazi juu ya ubao uliong'arishwa. Model 10 yenye valvu tano, iliyouzwa mwaka 1923 na 1924, ni miongoni mwa zile maarufu zaidi. Mtu mwenye mashine za kufinyanga bakelaiti hakukosa uwezo wa kutengeneza sanduku. Inaelekea aliuza ubao wazi kwa kuwa wateja wake walikwisha kuzoea kuona kila sehemu na kuijua kazi yake.

Uingereza inaithibitisha hoja hiyo kwa upande wake. BBC ilianza kutangaza Novemba 1922, na watu wengi mno wakapendelea kujijengea seti kuliko kununua zilizoidhinishwa. Shinikizo likawa kubwa hata mwaka 1923 serikali ikaanzisha leseni maalumu kwa wajenzi wa nyumbani. Magazeti nayo yakawafuata. John Scott-Taggart, mhariri wa Modern Wireless, alichapisha mwaka huohuo saketi ya ST100, na ikajengwa na wasomaji wengi. Ramani za ukubwa halisi zilitolewa, mtu akazilaza juu ya ubao na kuona mahali pa kila tundu. Hata hivyo, ramani haikumzuia mjenzi kujifunza. Alitambua kwamba transfoma mbili zikikaa sambamba na kwa ukaribu huambukizana usumaku na kuleta mlio, na kwamba kuigeuza moja kwa nyuzi 90 hupunguza kasoro hiyo. Kwenye ubao, marekebisho hayo ni kung'oa skrubu chache na kuzikaza upya. Kwenye bamba lililokwisha kutobolewa, kosa la mpangilio halirekebishiki kirahisi. Hapo ndipo ubao ulipofundisha: ulimruhusu mtu kukosea kwa gharama ndogo, na elimu ya ufundi haipatikani pasipo ruhusa hiyo.

Wajenzi hao hawakuyafumbia macho mapungufu ya mbao. Ubao hunyonya unyevu, na katika saketi yenye rezista za mamilioni ya omu hata uvujaji mdogo wa umeme huharibu kazi. Kwa hiyo wengine walichemsha mbao katika nta ya parafini, na wengine walitenga sehemu nyeti kwa vipande vya eboniti au bakelaiti, ubao ukabaki na kazi ya kubeba uzito. Tatizo jingine lilikuwa mtikisiko. Valvu ndogo kama UV-199 zilikuwa nyepesi kuitikia kila kishindo, zikikigeuza kuwa mlio ndani ya spika, na dawa yake ikawa soketi zinazoning'inia juu ya springi au mpira. Mambo haya yana uzito katika hoja yetu, kwa sababu yanaonyesha kwamba mapokeo ya ubao yalijengwa na watu waliopima na kurekebisha. Waliopenda mbao ndio walioandika kasoro zake kwanza.

Chuma kilishinda kwa haki. Mwaka 1927 zilitoka valvu za UX-226 na UY-227 zilizoweza kuwashwa kwa umeme wa majumbani, unaokamilisha mizunguko 60 kila sekunde nchini Marekani. Betri zikaanza kuachwa, na mahali pake ukaingia mvumo. Bamba la chuma lililounganishwa na ethi huzuia uga wa umeme usiingie kwenye nyaya nyeti. Ubao hauzuii chochote. Volti nazo zilipanda: hatua ya mwisho iliyozoea takriban 90 za betri ikafikia 250 katika valvu ya UX-245 na, mwaka 1933, katika 2A3. Joto likaongezeka pia. Kwa mwenye kiwanda kulikuwa na sababu nyingine, kwamba mashine ingeweza kukandamiza chesisi za chuma zinazofanana kwa maelfu. Wajenzi wa nyumbani hawakukata tamaa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wale wa Uingereza waliuziwa ubao uliopakwa tabaka la madini, ukijulikana kama Metaplex, ili wapate ngao ya chuma bila kuacha msumeno na skrubu zao. Lakini upepo ulikwisha kugeuka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, D. T. N. Williamson alichapisha katika toleo la Aprili na la Mei 1947 la gazeti la Wireless World amplifaya ya wati 15 ambayo upotoshaji wake haukuzidi asilimia 0.1, kiwango kilichowashangaza wengi. Ubora huo ulitegemea kurudisha sehemu ya sauti ya mwisho hadi mwanzo wa saketi, mbinu inayodai nyaya fupi na mpangilio mkali. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, iliyoanza biashara ya vifaa vya kielektroniki vya kujiungia mwaka huohuo, baadaye iliuza amplifaya za mtindo wa Williamson. Dynaco ikafuata na Stereo 70 mwaka 1959. Chesisi za chuma zilikuja zimetobolewa tayari, na Dynaco ilileta hata ubao wa saketi uliokwisha kulehemiwa. Watu wengi walipata muziki mzuri kwa bei wanayoimudu, na hilo ni jema lisilopingika. Hata hivyo, uamuzi wa wapi sehemu ikae na kwa nini ikae hapo ulihama kutoka meza ya nyumbani hadi meza ya mhandisi. Mjenzi alibaki mtekelezaji wa maelekezo.

Kurudi kwa mbao kunaeleweka kwa kuutazama upungufu huo. Wakati transista zilipotawala maduka, Japani ilikuwa na wajenzi walioendelea na valvu za zamani kama 2A3 na 300B ya Western Electric, wakilelewa na gazeti la MJ lililoanza mwaka 1924. Jean Hiraga aliusambaza mtazamo huo Ufaransa kupitia gazeti la L'Audiophile kuanzia mwaka 1977, na nchini Marekani gazeti la Sound Practices liliubeba kuanzia miaka ya 1990. Amplifaya wanayoipenda ina sehemu chache: valvu moja ya nguvu kwa kila spika, valvu ya kuisukuma, transfoma, rezista na kapasita kadhaa. Saketi fupi kiasi hicho mtu huweza kuihifadhi kichwani, akaipanga mwenyewe na akaamua umbo lake. Hapo mbao zikapata tena kazi, mara nyingi kama fremu inayobeba bamba la alumini au shaba, zikiachiana majukumu na chuma badala ya kushindana nacho.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya mambo ya kale yaliyovikwa hoja. Pingamizi hilo lina chembe ya kweli, kwa kuwa uzuri wa mbao una mvuto wake na hakuna haja ya kuukana. Lakini mapenzi peke yake yasingeeleza kwa nini kitako cha leo hakifanani na ubao wa 1923. Wajenzi wangetaka kumbukumbu tu wangenakili Model 10. Wamechukua urahisi wa kufanya kazi kwa zana za useremala na kukiachia chuma ulinzi na ethi, na uchaguzi wa namna hiyo hufanywa na mtu anayeelewa chombo chake. Wapo pia, upande wa pili, wapenzi wa mbao wanaodai kwamba aina fulani ya mti huifanya amplifaya iimbe kwa utamu zaidi. Hao hawana msaada katika historia hii. Mwili wa gitaa na sanduku la spika hutikisika pamoja na sauti. Kitako cha amplifaya hakimo katika njia ya mawimbi hayo. Athari zake za kweli ni jinsi kinavyopunguza au kuongeza mtikisiko unaofikia valvu, na jinsi kinavyomruhusu mjenzi kutenganisha transfoma na nyaya nyeti. Anayezitetea mbao kwa madai yasiyopimika huidhoofisha kesi yake njema.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na lazima lijibiwe bila kuyumba. Amplifaya ya 300B inaweza kubeba volti 300 hadi 450 ndani yake, na kapasita zake huweza kushika chaji baada ya swichi kuzimwa. Ubao wazi wa zama za betri ulikuwa na hatari zake. Kuuiga kwa umeme wa ukutani ni kuhatarisha maisha. Kwa hiyo kitako kinachostahili sifa kina bamba la chuma lililofungwa ethi, fyuzi kwenye njia ya umeme, rezista ya kumaliza chaji, kifuniko chini, na nafasi ya hewa kati ya valvu na mbao. Useremala nao una kanuni zake. Mbao hupanuka na kunywea kwa upana wake hewa inapobadilika, hivyo matundu ya skrubu za bamba hurefushwa kidogo ili fremu isipasuke, na mbao hukaushwa vyema kabla ya kukatwa. Mninga husifiwa na maseremala kwa sababu hauchezi sana ukishakauka. Masharti haya hayaifuti hoja ya mbao. Yanaonyesha kwamba anayejenga kitako vizuri amelazimika kujua njia ya umeme, joto, sumaku na tabia ya mti kwa pamoja.

Muungano huo wa maarifa ndio unaofaa kutetewa. Katika vyuo vingi vya ufundi, useremala na umeme ni madarasa mawili yasiyokutana, na vyombo tunavyonunua hufungwa kwa namna inayomkatisha tamaa anayetaka kutazama ndani. Karne moja ya vitako vya mbao inatoa ushahidi kwamba watu wa kawaida waliweza kumudu teknolojia mpya kabisa ya wakati wao walipopewa malighafi wanayoijua na nafasi ya kupanga upya walichokosea. Mwalimu anayetaka wanafunzi waielewe elektroniki ana njia iliyokwisha kujaribiwa: awape saketi fupi ya volti ndogo, ubao mkavu, skrubu na bisibisi, kisha awaachie waamue wenyewe kila sehemu ikae wapi na waeleze kwa nini.