Miaka 20 na Ushei Tukibonyeza "Baadaye"

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe ndio mtu asiseme nimekuja kuwahubiria.

Mwaka jana nilikuwa Embu mjini kwa kazi ya vidio ya harusi. Nikaingia saiba moja karibu na steji kuprinti mkataba, nikafungua imeli yangu kwa Chrome. Pale juu kulikuwa na kamstari kanasema kompyuta hii ni ya Windows 7, na kama unataka Chrome iendelee kupata apdeti, tafuta Windows 10 kwenda juu. Nikafanya kile kila mtu hufanya. Nikabonyeza X, nikaprinti, nikalipa, nikatoka.

Wiki mbili baadaye, akaunti haikuwa yangu tena. Kwa siku sita chaneli ilikuwa mikononi mwa mtu nisiyemjua, na auntie yangu wa Runyenjes alikuwa ashatuma 2,500 kwa "mimi" niliyekwama hospitali. Je, ni mwanya kwenye brauza, ama ni mimi nilisahau kutoka kwa akaunti? Siwezi kuapa. Lakini kale kamstari kalinikaa kichwani. Nikaanza kuuliza: hii stori ya apdeti ilianzia wapi, na kwa nini kwetu hufika ikiwa imechelewa?

Twende nyuma kidogo.

Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Internet Explorer 6, ikaja pamoja na Windows XP. Hiyo ndiyo ile "e" ya bluu ambayo wengi wetu tulidhani ndiyo intaneti yenyewe. Bro wangu mkubwa alisimamia saiba pale Makutano, Meru, kabla mimi sijajua kusoma vizuri. Ananiambia walikuwa na mashine kumi kwa laini moja. Kabla nyaya za faiba kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na ilikuwa polepole na ghali. Apdeti moja ikianza kushuka, wateja wote wanaanza kulalamika. Kwa hivyo kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kupita kila mashine akibonyeza "baadaye". Halafu ndio anawasha taa ya nje.

Usimcheke. Dakika zilikuwa pesa.

Sasa angalia Januari 2010. Google ilitangaza kwamba imevamiwa, yenyewe na kampuni zingine. Baadaye ikajulikana wavamizi walipitia mwanya kwenye Internet Explorer. Huo mwanya nitauelezea na maisha ya hosteli. Mpangaji amehama, lakini keateka hajafuta jina lake kwa daftari, kwa hivyo bado anapeleka vitu kwa kile chumba. Mwizi akiingia humo kimyakimya, vitu vyote vinamfikia yeye. Brauza ilikuwa imeachilia sehemu fulani ya memori lakini bado ikaitumia kana kwamba haijaachiliwa. Mvamizi akaweka maagizo yake hapo, na kompyuta ikayatii. Wewe ulihitaji tu kufungua ukurasa mbaya.

Serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri watu watumie brauza nyingine. Tarehe 21 Januari, Microsoft ikatoa kiraka bila kungoja siku yake ya kawaida ya mwezi. Kwa hivyo dawa ilipatikana chini ya wiki mbili tangu Google itangaze. Lakini dawa iko Marekani, na Makutano kuna kijana anabonyeza "baadaye". Hapo ndipo ninaona historia yote ya hii kitu. Mwanya hauzibwi siku kampuni inapotoa kiraka. Unazibwa siku kiraka kinaingia kwa ile mashine umekalia.

Na kuna ubaya mwingine watu hawaujui. Kiraka kikitoka, wezi nao wanakisoma. Wanalinganisha programu ya jana na ya leo, wanaona kilichobadilishwa, na hapo wameonyeshwa shimo lilikuwa wapi. Kwa hivyo ukichelewa, hali yako inakuwa mbaya kuliko jana, kwa sababu sasa siri imetoka.

Kuna watu waliona hili mapema. Chrome ilipotoka Septemba 2008, ilikuja na tabia ya kujiapdeti yenyewe bila kukuomba ruhusa. Ilikosesha bro wangu kazi ya asubuhi, lakini ilikuwa busara: usimpe binadamu aliyechoka kitufe cha "baadaye". Tangu Agosti 2023, Chrome hutoa viraka vya usalama kila wiki, kusudi wezi wapate muda mfupi wa kusoma kabla wewe hujafikiwa.

Sisi wa simu ndogo tulikuwa na njia yetu, Opera Mini. Wale wa Nokia mnakumbuka ile O nyekundu. Ilisambazwa duniani mwaka 2006, na ujanja wake ulikuwa kwamba ukurasa unafunguliwa kwa seva za Opera, unabanwa, halafu simu yako inapokea mabaki mepesi. Tuliipenda kwa sababu ya bando. Lakini ilimaanisha pia kazi kubwa na ya hatari ilifanyika mbali na simu yako, na mwanya kule ukizibwa, umezibwa kwa wote bila mtu wa Maua kulipia apdeti. Bei yake? Hata paswadi yako ilipitia kwa seva ya mtu mwingine, ikifunguliwa hapo katikati. Uliokoa bando, ukalipa kwa kuamini.

Basi turudi kwa ile saiba ya Embu. Chrome ya toleo la 110, Februari 2023, ilikataa Windows 7. Miezi saba baadaye, Septemba, likapatikana shimo kwenye sehemu inayosoma picha za aina ya WebP. Picha tu! Picha iliyotengenezwa kwa ubaya ingeweza kumpa mtu njia ya kuingia, na wezi walikuwa washaanza kulitumia. Waliotoa ripoti ni wahandisi wa Apple na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Google na Mozilla wakatoa viraka ndani ya siku chache. Kasi safi kabisa. Lakini mashine yenye kale kamstari ilikuwa ishaachwa steji, gari limeenda.

Kwa hivyo mtu akikuambia Wakenya tunaibiwa mtandaoni kwa sababu ni wajinga, mkatalie. Tumekuwa tukichagua kati ya usalama na dakika, usalama na bando, usalama na bei ya kompyuta. Lakini pia tusijidanganye. Leo kuna mambo hayahitaji pesa, na mimi sikuyafanya.

Fungua Chrome, nenda kwa mipangilio, tafuta "Kuhusu Chrome". Ikisema kuna toleo jipya, funga na uifungue tena. Kwa simu, nenda Play Store. Ukiwa na Android 9 kurudi chini, jua Chrome ilikuacha mwaka 2025, kwa hivyo usifanyie mambo ya benki hapo. Ondoa vile viprogramu vya ziada ulivyoweka kwa brauza ukasahau. Ukiwa saiba, tumia dirisha la mgeni, usikubali ihifadhi paswadi, na ukimaliza toka kwa akaunti, halafu uthibitishe kwa simu yako ni vifaa gani bado viko ndani. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Mimi niliuweka siku ya saba.

Mwezi uliopita nilirudi kwa ile saiba. Mwenyewe hakukasirika, aliniambia tu, "Kijana, mashine ndizo hizi, mpya utaninunulia wewe?" Nikamwambia hapana, lakini nina Jumamosi moja. Tukaweka Linux Mint kwa mashine moja, bure, na brauza mpya kabisa. Mteja wa kwanza aliuliza ile "Start" imeenda wapi. Tulimwonyesha, akaprinti vyeti vyake, akaenda.

Zimebaki tano. Auntie nimemrudishia 1,000.