Buluu ya Ziwa, Buluu ya Bahari

Mtu wa pwani akiitazama bendera ya Jamhuri ya Muungano, jicho lake huvutwa na pembe ya buluu, naye husema: hii ndiyo bahari yetu. Hakosei. Lakini mvuvi wa Kirando, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, huitazama buluu hiyo hiyo akaliona ziwa lake, lenye migebuka na dagaa, na Kongo ng'ambo yake. Naye pia hakosei. Vipi basi rangi moja ikabeba maji ya pande mbili?

Ziwa Tanganyika limepitiwa na bendera nyingi. Misafara iliyofuata pembe na watumwa ilifika Ujiji na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Wajerumani wakaja na yao ya nyeusi, nyeupe na nyekundu. Waingereza, waliopokea utawala baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakatweka nyekundu nyingine, yenye kichwa cha twiga. Shahidi wa mapito hayo ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, na mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Chombo kikabadilishiwa bendera kila ajapo mtawala. Katika bendera zote hizo, hakuna iliyoyataja maji yanayokibeba.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha bendera ya Tanganyika huru katika kilele cha Kilimanjaro. Ilitokana na rangi za TANU: kijani kwa ardhi, nyeusi kwa watu, na michirizi ya dhahabu kwa madini. Hapa pana ajabu ambayo sisi washairi hatujaiimba vya kutosha: nchi iliyopewa jina la ziwa haikuwa na tone la maji katika bendera yake.

Tone hilo lilitoka visiwani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar ilitweka rangi za chama cha Afro-Shirazi: buluu, nyeusi na kijani. Tarehe 26 Aprili nchi mbili zikaungana, na katikati ya mwaka huo bendera mpya ikapatikana. Kijani na nyeusi zilikuwa tayari za wote wawili. Dhahabu ilitoka Bara, buluu ikatoka Zanzibar. Tepe jeusi likapitishwa kwa mshazari, likaacha pembetatu mbili zilizo sawa, ya kijani na ya buluu. Maelezo rasmi huihesabu buluu kuwa ni bahari, maziwa na mito kwa pamoja.

Oktoba ya mwaka huo huo nchi ikaitwa Tanzania. Jina la ziwa lilipotoka katika jina la taifa, maji yake yalikuwa yamekwisha kuingia katika bendera.

Januari 2005 Zanzibar iliitweka tena bendera yake ya buluu, nyeusi na kijani, safari hii ikiwa na bendera ya Muungano katika pembe ya juu. Wapo walioona ndani yake heshima iliyorudi, na wapo walioona dalili ya mfarakano. Katika mabishano ya Muungano aghalabu huulizwa nani alimmeza nani. Ni nadra kuulizwa nani alimpa nini mwenzake, ilhali jibu la swali hili la pili hupepea kila siku mbele ya macho yetu.

Kirando haikupewa ziwa na mtu. Ilikuwa nalo kabla ya bendera zote. Ilichopewa ni rangi ya kulitajia ziwa hilo mbele ya mataifa, na rangi hiyo ilitoka kwa watu wa visiwani ambao wengi wao hawajapata kuliona ziwa lenyewe.