Tuta la Mto Loire

Katika mito ya Ufaransa hakuna uupitao Loire kwa urefu. Huchimbuka katika milima ya Massif Central, ukaelekea kaskazini mpaka Orléans, kisha ukageukia magharibi na kumimina maji yake katika bahari ya Atlantiki baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Kandokando yake, kutoka jirani ya Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins ambapo mto huonana na bahari, imetengenezwa njia ya baiskeli ya takribani kilomita 900, na kila mwaka majira ya joto yawadiapo, wasafiri wa mataifa mengi huifuata, wazee kwa vijana, mizigo yao imefungwa nyuma ya viti, wakilala leo mji huu na kesho mji ule. Wengi wao huja kwa ajili ya kasri za wafalme, na hapana wa kuwalaumu, maana kasri hizo ni fahari ya macho. Lakini aendaye kwa baiskeli amejaliwa elimu asiyoipata apitaye kwa motokaa: sehemu kubwa ya safari yake yu juu ya tuta la mto, na tuta hilo, lisilo mnara wala dirisha, ndilo jengo lililowezesha mengine mengi ya bonde hili kusimama.

Loire ni mto wa tabia mbili zisizopatana. Wakati wa joto maji hupungua hata mafungu ya mchanga yakatokeza katikati yake, ndege wa maji wakataga mayai juu yake, na mtu akadhani kwamba angeweza kuuvuka kwa miguu. Lakini mvua zikinyesha kwa nguvu milimani, au theluji ikiyeyuka kwa ghafula, mto uleule huja kwa ghadhabu, ukameza mashamba na kuchukua mifugo na nyumba. Wakulima wa bonde, waliojua kwamba rutuba ya ardhi yao ni hidaya ya maji yaleyale yaliyowaangamiza, walianza zamani sana kurundika udongo, miti na mawe ukingoni. Katika karne ya 12 Henry II, mfalme wa Uingereza ambaye pia alikuwa mtawala wa Anjou, jimbo la bonde hilo, aliwasamehe utumishi wa vita wale waliokubali kukaa juu ya matuta na kuyatunza, akitambua kwamba mwenye jembe pale alikuwa mlinzi wa nchi kama alivyokuwa mwenye upanga. Wafalme waliomfuata waliyaunganisha matuta yale vipande kwa vipande, na Colbert, waziri wa Louis XIV, akayafanya kuwa amali ya dola.

Hata hivyo kila tuta lilipoinuliwa, mto ulizidi kubanwa, na kila ulipobanwa, ulizidi kupanda. Gharika za 1846, 1856 na 1866 zilitoboa matuta mahali pengi, na athari zake zingali zikisomeka. Katika miji na vijiji vya ukingoni, kwenye nguzo za madaraja na pembe za nyumba za kale, umechongwa mstari mfupi katika jiwe, na kando yake mwaka tu, bila neno jingine. Mwenye baiskeli akishuka na kusimama wima mbele ya mstari kama huo, huenda akauona uko juu ya kichwa chake. Naye akigeuka kuutazama mto uliotulia mbali chini, kati ya mchanga na miti ya mierebi, hufahamu bila ya kuhubiriwa kwa nini watu walibeba udongo kwa muda wa karne saba.

Juu ya mto huohuo palikuwa na ulimwengu mwingine, ulimwengu wa mabaharia wa maji baridi. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu bonde limelala kutoka mashariki kwenda magharibi, na upepo utokao baharini huvuma kulielekea, basi mashua zenye tumbo bapa zilitweka tanga la mraba na kupanda mto zikipingana na mkondo, zikifuatana moja nyuma ya nyingine, zimejaa chumvi na samaki na sukari. Kisha zikateremka kwa nguvu ya maji zikiwa na mvinyo, nafaka na mawe ya kujengea. Upepo ule ungali upo. Ateremkaye leo kwa baiskeli kuelekea baharini huupokea kifuani, akainama juu ya usukani na kulaumu bahati yake, naye hajui kwamba hicho kimchoshacho ndicho kilicholisha maelfu ya jamaa. Reli ilipofika Orléans mwaka 1843, Tours mwaka 1846 na Nantes mwaka 1851, biashara ya mashua ilififia katika muda wa kizazi kimoja, na magati ya mawe yaliyojengwa kwa gharama kubwa yakabaki kuwa mahali pa watu kuvua samaki na kupunga hewa.

Miji na kasri za bonde nazo zina habari zake. Orléans ilikombolewa kutoka katika mazingiwa ya Waingereza tarehe 8 Mei 1429, jeshi likiwa pamoja na Jeanne d'Arc, binti wa mkulima, na mji huiadhimisha siku hiyo hata leo. Kasri ya Chambord, iliyojitenga kidogo na mto katikati ya msitu wa mawindo, ilianzwa mwaka 1519 kwa amri ya François I. Ina vyumba zaidi ya 400, na ndani yake ngazi mbili za mzunguko zimepandana katika nguzo moja kwa namna ambayo mtu apandaye hii na ashukaye ile huonana kupitia madirisha ya katikati wasikutane hatua hata moja. Mfalme aliyeamuru kazi hiyo yote alikaa humo majuma machache tu katika umri wake. Ni ibra kwa mwenye kuzingatia, kwamba jengo lililojengwa kwa ajili ya adhama ya mtu mmoja halikumfaa yeye, ilhali tuta lililojengwa na wasiojulikana limewafaa watu kwa karne nyingi.

Lakini mahali ambapo moyo wa msomaji wa Kiswahili hupaswa kutua ni Amboise. Wageni humiminika kule kwa sababu ya Leonardo da Vinci, aliyealikwa na François I mwaka 1516, akapewa nyumba ya Clos Lucé karibu na kasri, akafa humo tarehe 2 Mei 1519. Ni wachache wanaouliza juu ya mgeni mwingine, ambaye hakualikwa. Amir Abdelkader wa Algeria, mwanachuoni na shujaa aliyewapinga Wafaransa kwa miaka 15, aliweka silaha chini mwezi wa Desemba 1847 kwa ahadi kwamba atapelekwa Iskanderia au Akka, katika nchi za Waislamu. Ahadi ilivunjwa. Alishikwa Toulon, kisha Pau, na tangu Novemba 1848 akafungwa Amboise pamoja na jamaa na wafuasi wake, watu waliozoea jua la jangwani wakawekwa katika kuta za mawe zenye baridi na unyevu wa mto. Louis-Napoléon, rais wa Ufaransa wakati huo, alifika mwenyewe mwezi wa Oktoba 1852 kumtangazia uhuru wake, lakini wako ambao uhuru huo haukuwakuta hai. Makaburi 25 yamo katika bustani ya kasri, na mwaka 2005 msanii wa Kialgeria, Rachid Koraïchi, aliyatengenezea mawe ya heshima. Amir mwenyewe aliishia Damasko, na mwaka 1860, Wakristo wa mji huo walipoandamwa kuuawa, aliwapa himaya nyumbani kwake na kuokoa maelfu. Ubaya aliotendewa na Wakristo wa Ufaransa hakuulipiza juu ya Wakristo wa Sham. Na huo, kwa maoni yangu, ni utukufu unaozidi utukufu wote uliochongwa katika kuta za Amboise.

Baada ya Tours bonde hubadilika rangi, kwa sababu vilima vyake ni vya jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau, lililochimbwa kwa karne nyingi na kuteremshwa kwa mashua likajenga makanisa, kasri na nyumba za maskini. Mashimo yaliyobaki hayakuachwa ukiwa: yaligeuzwa maskani, ghala za mvinyo na mashamba ya uyoga, hata mwenye baiskeli apitaye karibu na Saumur huona mlango na pazia katika uso wa jabali. Jirani na hapo ipo Fontevraud, nyumba ya watawa iliyoasisiwa mwaka 1101, ambamo wanaume na wanawake waliongozwa na mkuu mwanamke. Humo zimo sanamu za kaburi za Henry II, yule aliyewasamehe watunza matuta, na mkewe Eleanor, aliyechongwa akiwa na kitabu mikononi. Tangu zama za Napoléon hadi mwaka 1963 nyumba hiyo ilikuwa gereza.

Mwaka 2000 UNESCO iliitia sehemu ya bonde, kutoka Sully hadi Chalonnes, katika orodha ya urithi wa ulimwengu, na wasafiri wengi hugeuza magurudumu kabla ya kuvuka mpaka huo. Nasaha yangu ni kwamba waendelee mpaka Nantes. Katika karne ya 18 mji huo uliongoza bandari zote za Ufaransa katika biashara ya watumwa, na sukari iliyopanda mto kwa tanga na upepo ilikuwa jasho la watu waliotekwa Afrika. Ukumbusho uliofunguliwa ukingoni mwaka 2012 una vioo 2,000 vilivyotiwa katika njia ya miguu, na vilivyo vingi vimeandikwa majina ya merikebu zilizong'oa nanga pale. Pwani yetu nayo haikusalimika na tamaa hiyo ya Wafaransa: mwaka 1776 mmoja wao, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mascarene katika Bahari ya Hindi.

Hiyo ndiyo faida ya kuufuata mto kwa mwendo wa baiskeli kutoka juu hata kinywani mwake. Aendaye kwa haraka kutoka kasri hii hadi ile hupata habari za wafalme peke yao, naye hurudi amevutiwa lakini hakuelimika. Aufuatao wote hupata pamoja nao mchimba jiwe, mwenye mashua, mfungwa wa Amboise, mateka wa Afrika na mkulima aliyebeba udongo, na huona kwamba uzuri wa bonde hilo ulilipiwa na watu ambao wengi wao hawakualikwa kuufurahia. Haki yao kwetu ni ndogo na haitugharimu kitu: tuwataje kila tuzitajapo kasri.