Bastola kiunoni: Jinsi ya kuibeba kwa starehe na usalama

KUPATA leseni ya kumiliki bastola ni safari ndefu humu nchini, lakini mtihani mkubwa zaidi huanza siku mmiliki anapoifunga silaha hiyo kiunoni na kutoka nayo nyumbani.

Tangu siku hiyo, kipande hicho cha chuma humfuata garini, ofisini, kanisani au msikitini, mezani na hata msalani. Kila anapoinama, anapoketi au anapombeba mtoto, bastola huwa baina ya mwili na nguo zake, nayo ina risasi ndani.

Ndiyo maana wakufunzi wa silaha hutilia mkazo swali ambalo wanunuzi wengi hulifikiria mwisho: bastola hiyo itabebwa vipi?

Wengi hudhani kwamba starehe na usalama ni mambo mawili yanayovutana. Ukweli ni kuwa aghalabu huenda pamoja. Silaha inayomchoma mtu mbavuni huguswa kila mara, huhamishwa upande huu na ule, kisha hufunguliwa na kuachwa kwenye kiti cha gari au droo ya ofisi. Huko ndiko maafa mengi huanzia.

Humu nchini, umiliki wa silaha huongozwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Sheria hiyo humtaka mwenye silaha aitunze vyema wakati wote, na achukue kila tahadhari ifaayo ili isipotee, isiibwe wala isimfikie mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo. Bastola iliyo kiunoni haijasamehewa na sharti hilo.

Kifyatulio kifunikwe

Kanuni ya kwanza ni kwamba bastola haichomekwi kwenye suruali bila ala, yaani mfuko maalumu ulioundwa kwa ajili yake. Kazi kuu ya ala ni kukifunika kifyatulio, kile kidude kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke, hivi kwamba hakuna kidole, kitambaa wala ufunguo unaoweza kukifikia.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Plaxico Burress, mchezaji nyota wa kandanda ya Kimarekani aliyekuwa katika timu ya New York Giants. Mwishoni mwa Novemba 2008, Burress aliingia katika klabu moja ya usiku jijini New York akiwa amechomeka bastola aina ya Glock kwenye suruali ya mazoezi, bila ala.

Bastola hiyo ilianza kuteleza kuelekea mguuni. Alipojaribu kuizuia ilifyatuka na risasi ikampiga pajani. Zaidi ya jeraha hilo, Burress hakuwa na idhini ya kubeba silaha katika jimbo la New York, na mnamo 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili gerezani.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Suruali laini isiyo na mkanda haiwezi kuhimili uzani wa bastola, na mkono unaoharakisha kuidaka silaha inayoteleza huenda moja kwa moja kwenye kifyatulio.

Ala na mkanda

Ala nzuri hutambuliwa kwa mambo manne. Hufunika kifyatulio chote. Huishika bastola isichomoke hata mwenyewe akikimbia au akianguka. Hubaki wazi mdomoni baada ya silaha kuchomolewa, ili iweze kurudishwa kwa mkono mmoja. Na huundwa kwa ajili ya aina hiyo hiyo ya bastola, si “saizi moja kwa wote”.

Ngozi ni laini mwilini na haifanyi kelele, lakini hufyonza jasho na hulegea kadiri miaka inavyopita. Ngozi iliyochakaa inaweza kujikunja kwa ndani na kukibonyeza kifyatulio wakati bastola inaporudishwa. Plastiki ngumu inayofinyangwa kwa joto haibadiliki umbo wala haiharibiwi na jasho, ingawa inaweza kumchubua mtu asiyevaa fulana ndani. Mifuko ya nailoni ya bei rahisi huwa milegevu, na mingi haikidhi masharti hayo manne.

Kuna jaribio jepesi linaloweza kufanyiwa nyumbani. Mmiliki huondoa risasi zote, huhakikisha mara mbili kuwa bastola ni tupu, huitia ndani ya ala, kisha huipindua juu ya godoro na kuitikisa. Ikianguka, ala hiyo haifai.

Mkanda nao ni nusu ya kazi. Glock 19, kwa mfano, ina uzani wa takriban gramu 600 ikiwa tupu, na CZ 75, ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la Ceska, hukaribia kilo moja. Uzani huo ukining’inia kwenye mkanda mwembamba wa suruali rasmi, huivuta nguo upande mmoja na kumletea mwenyewe maumivu ya nyonga na mgongo. Mkanda mgumu wenye upana wa karibu inchi moja na nusu husambaza uzani huo kiunoni kote. Anayevaa ala ndani ya suruali huhitaji pia suruali yenye nafasi zaidi, inchi moja au mbili, la sivyo atabanwa kutwa nzima.

Mahali pa kubebea

Hakuna mahali pamoja panapomfaa kila mtu. Umbo la mwili, kazi na mavazi ndiyo huamua.

Wengi huanza na ubavuni, nyuma kidogo ya nyonga ya upande wa mkono wanaoutumia. Hapo mkono hufika kwa urahisi na mtutu huelekea chini, mbali na mwili. Ala iliyo nje ya suruali ni ya starehe zaidi lakini huhitaji koti au shati refu, ilhali iliyo ndani hufichika hata chini ya shati jepesi. Tatizo la sehemu hii huonekana mtu anapoinama, kwani mpini hujichora kwenye nguo. Mpini ukiinamishwa kidogo mbele, hujichora kwa kiwango kidogo.

Wengine hupendelea mbele, karibu na kinena. Hapo silaha hufichika vizuri, mwenyewe huilinda kwa mikono yote miwili kwenye umati, na ni rahisi kuifikia. Lakini mtutu huelekea pajani, palipo na mshipa mkubwa wa damu, na risasi ikitoka kwa bahati mbaya huweza kuua kwa dakika chache. Pia, mtu mwenye kitambi huchomwa tumboni kila anapoketi. Sehemu hii haimfai anayejifunza.

Nyuma, katikati ya mgongo, panaonekana pazuri kwa kuwa hapaonekani mbele, lakini wakufunzi wengi hupakataa. Mtu akianguka chali, chuma hicho hugonga uti wa mgongo. Hawezi kuifikia silaha akiwa ameketi garini, na anyakuaye kutoka nyuma huiona kabla ya mwenyewe kumwona. Anaposujudu au kuinama kufunga kamba za viatu, shati hupanda na kila mtu nyuma yake huiona.

Ala ya kwapani humfaa anayeketi muda mrefu kwenye usukani, kwa mfano katika msongamano wa magari jijini Nairobi, kwa vile haigongani na mkanda wa kiti. Hata hivyo, huhitaji koti wakati wote, sharti gumu kwa mkazi wa Mombasa au Malindi kwenye joto la Februari. Isitoshe, katika ala nyingi za aina hii mtutu huelekea nyuma, hivyo silaha huwa imemlenga yeyote aliyesimama nyuma ya mwenyewe.

Ala ya kifundoni humpa dereva nafuu, lakini hufaa bastola ndogo pekee na huchukua muda kuifikia mtu akiwa amesimama. Ya mfukoni pia ni ya bastola ndogo. Mfuko huo lazima uwe na ala yake na usitiwe kitu kingine chochote, iwe sarafu, funguo au simu.

Mkoba na hatari ya watoto

Wanawake wengi hujikuta wakishauriwa kubeba bastola mkobani, kwa kuwa nguo zao hazina mikanda mipana na viuno vyao huinua mpini hadi mbavuni. Ushauri huo una gharama yake. Mkoba hunyakuliwa barabarani, huwekwa kwenye kiti cha pembeni, na huachwa mahali ambapo mtoto anaufikia.

Mnamo Desemba 30, 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho nchini Marekani, mama mmoja alikuwa dukani na mtoto wake wa miaka miwili. Mkoba wake ulikuwa wa aina iliyotengenezewa kubeba silaha, wenye sehemu ya pekee iliyofungwa kwa zipu. Mtoto aliyekuwa ameketi kwenye kigari cha bidhaa aliifikia bastola, ikafyatuka na kumuua mamaye papo hapo.

Mama huyo alikuwa na leseni na alinunua kifaa alichoamini kuwa ni salama. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: silaha haikuwa mwilini mwake. Kwa sababu hiyo, ala ya kitambaa kigumu inayofungwa kiunoni chini ya nguo, ikiwa na kinga ngumu juu ya kifyatulio, huwa bora kuliko mkoba wowote. Asiye na njia nyingine ila mkoba sharti auvae mwilini wakati wote, aitie bastola ndani ya ala mle mkobani, na asiutue penye mtoto.

Si kila bastola ni sawa

Namna ya kubeba hutegemea pia muundo wa silaha. Bastola za Glock hazina swichi ya usalama ya kuwashwa na kuzimwa kwa kidole. Vizuizi vyake hujifungua kifyatulio kinapovutwa. Kwa hivyo ala ndiyo kinga yake kuu.

Toleo la kwanza la CZ 75 halikuwa na kizuizi cha kuzuia pini kuigonga risasi silaha inapoanguka. Toleo la baadaye la CZ 75 B likaongezewa kizuizi hicho. Hata bastola mpya si za kuaminiwa bila kuuliza: Agosti 2017, kampuni ya SIG Sauer ilitangaza mpango wa kurekebisha bastola zake za P320 baada ya majaribio kuonyesha kuwa zingeweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani.

Baadhi ya wamiliki huamua kubeba bastola bila risasi kwenye chemba. Njia hiyo hupunguza hatari ya ajali, lakini huhitaji mikono miwili na sekunde za ziada wakati wa dharura. Mtu ambaye hajapata mazoezi ya kutosha ni heri aanze nayo kuliko kutembea akiiogopa silaha yake.

Inapoanguka na inaporudishwa

Juni 2018, afisa wa FBI aliyekuwa nje ya kazi alikuwa akicheza densi katika baa moja mjini Denver, Marekani. Alipopinduka sarakasi, bastola ilichomoka kiunoni na kuanguka sakafuni. Alipoinama kuiokota kwa haraka ilifyatuka, na mteja mmoja akajeruhiwa mguuni.

Bastola inayoanguka huachwa ianguke. Ikishatulia, huokotwa polepole kwa mpini, kidole kikiwa mbali na kifyatulio na mtutu ukielekea pasipo na mtu.

Wakati mwingine wa hatari ni wa kuirudisha silaha kwenye ala. Pindo la shati au kamba ya jaketi huweza kuingia kwenye kifyatulio na kukivuta. Kwa hivyo nguo husogezwa kando kwa mkono mwingine, mwenyewe hutazama mdomo wa ala, kisha huirudisha taratibu. Hakuna tuzo kwa anayeirudisha haraka.

Msalani, bastola hubaki ndani ya ala yake. Kuitundika kwenye msumari au kuiweka juu ya tangi la maji ni kuialika isahauliwe.

Mazoezi na sheria

Kabla ya kutoka na ala mpya, mmiliki anafaa kuivaa nyumbani kwa siku kadhaa, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Aketi, apande ngazi, aingie na kutoka garini, aokote kitu chini. Kinachomsumbua kwa saa moja nyumbani kitamtesa kwa saa kumi kazini. Akishapata mahali panapomfaa, asipabadilishe kila siku, kwani wakati wa hofu mkono huenda pale ulipozoea.

Usiku au anapokwenda mahali pasiporuhusiwa silaha, bastola haiachwi garini wala chini ya mto. Hutiwa ndani ya sefu iliyofungwa. Kwenye lango la duka au ofisi, mwenyewe humfahamisha mlinzi kwa sauti ya chini na kuonyesha hati yake, bila kuigusa silaha. Sheria pia inakataza kuwa mlevi huku umebeba bunduki, na Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki ina uwezo wa kumpokonya leseni anayeitumia vibaya. Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang’i, aliagiza wamiliki wote wa silaha walio raia wapigwe msasa upya.

Kuificha silaha si suala la aibu bali la usalama. Wakati wa shambulio la Septemba 21, 2013 katika jumba la Westgate, baadhi ya raia wenye leseni waliingia na bastola zao kusaidia kuwaokoa watu. Katika vurugu kama hizo, polisi anayefika hana njia ya kujua nani ni mwokozi na nani ni mshambulizi. Humwona tu mtu aliyeshika bunduki. Mwenye leseni ambaye hatari imempita hana budi kuirudisha bastola mahali pake, mikono yake ionekane, na atii kila anachoamriwa.

Anayefikiria kununua bastola anashauriwa kutenga pia fedha za ala, mkanda, sefu na mafunzo kabla ya kulipia silaha yenyewe.