Makumbusho ya Majimaji Songea: Kabla ya Serikali Kulikuwa na Wazee wa Kujitolea

Ukisikia mtu kajiunga na kikundi cha marafiki wa makumbusho, wengi wanadhani ni mambo ya Wazungu wastaafu waliokosa kazi ya kufanya. Wadau wa Mbesa, Tunduru na Ruvuma yote, shikeni hili: makumbusho ya mkoa huu yalianzishwa na wananchi wenyewe, na wengi wao majina yao hayatajwi popote.

Turudi nyuma kidogo. Vita ya Majimaji ilipiganwa 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60 kwa siku moja pale Songea, wakazikwa kwenye kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye akazikwa peke yake. Ukoo wake unasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakidai.

Miaka ikapita. Wakoloni wakaondoka, wazee wakawa wanakufa mmoja mmoja na habari zao vifuani. Mwaka 1980 jamii ya Songea, wazee wa Kingoni wakiwa mbele, ikaanzisha makumbusho palepale Mahenge, jirani na kaburi la mashujaa. Leo ukifika unakuta sanamu za viongozi wa vita na silaha za wakati ule. Baadaye ndo yakaja kuwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo serikali ilipokea kitu ambacho tayari kilikuwa kinapumua.

Sasa angalia matunda yake. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo, akakutana na wajukuu wa mashujaa na kuomba msamaha. Wazee wasingelishika lile eneo, angeenda kuomba msamaha wapi? Kwenye kituo cha mabasi?

Na siyo Songea tu. Kule Paris, mwaka 1897 wapenzi wa sanaa walianzisha chama cha marafiki wa Louvre. Wanachama wanachanga ada, chama kinanunua kazi za sanaa na kuikabidhi Louvre. Hapa jirani Nairobi, makumbusho ya kwanza yalianzishwa 1910 na chama cha wapenzi wa viumbe na mazingira kilichoundwa mwaka mmoja kabla. Enzi hizo kilikuwa hasa chama cha walowezi na maofisa wa kikoloni. Halafu 1971 ikaja Kenya Museum Society. Hawa wanaandaa safari, mihadhara, na maonyesho ya kuuza picha na vinyago kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu, na sehemu ya pesa inarudi kusaidia makumbusho.

Tofauti iko hapa: Nairobi walianza na chama, makumbusho yakafuata, na chama kipya kipo mpaka leo. Songea wazee walianza, serikali ikapokea, basi watu wengi wakaona kazi imeisha. Haijaisha. Mshahara wa serikali unalipa mlinzi na mtunzaji, lakini haumwambii mtunzaji mkuki ule ulikuwa wa nani, alitoka kijiji gani, na nani alimficha alipokimbia. Hayo yapo kwa bibi na babu, na wakizikwa wanaondoka nayo.

Kutoka Mbesa mpaka Songea ni mbali kweli. Unaenda Tunduru mjini kwanza, unapita Namtumbo, nauli nayo haichekeshi. Lakini kujitolea siyo lazima ushinde getini unakaribisha wageni. Kaa na mzee wa Kiyao hapo kijijini, rekodi kwa simu anachokumbuka kuhusu vita, ngoma za jando, ususi wa mikeka. Andika jina lake na tarehe, halafu peleka nakala makumbusho siku ukipita. Vijana watano wakifanya hivyo tayari ni kikundi.

Wazee wale wa 1980 hawakusubiri barua ya uteuzi. Na wewe huna haja ya kuisubiri. Wazee wa kwenu waliobaki ni wangapi?