Meseji ya Kwanza Ilitoka Kwenye Kompyuta

Tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi kijana wa Uingereza, Neil Papworth, aliketi mbele ya kompyuta akaandika maneno mawili ya kumtakia mtu Krismasi njema. Maneno hayo yalipita kwenye mtandao wa Vodafone, yakamfikia Richard Jarvis, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, aliyekuwa kwenye sherehe na simu yake ya Orbitel 901. Jarvis hakujibu. Simu ile iliweza kupokea meseji, kutuma haikuweza.

Tumeizoea meseji kama mali ya simu, tukadhani kompyuta ni mgeni aliyekaribishwa baadaye. Sivyo ilivyokuwa. Tena, kwa maoni yangu, kazi kubwa kabisa ambayo meseji imefanya huku kwetu ilifanyika baada ya kurudi kwenye kompyuta.

Kipimo cha urefu wa meseji kilikuwa kimeshapangwa kabla ya siku ile ya Papworth. Mwaka 1985, mjini Bonn, mtaalamu wa mawasiliano Friedhelm Hillebrand alichapa kwa taipureta sentensi za kawaida za watu, akahesabu herufi, nafasi na nukta. Nyingi hazikuzidi 160. Meseji ilikusudiwa kusafiri kwenye njia ambayo simu na mnara hutumia kupeana taarifa zao wenyewe, na njia hiyo ni nyembamba: baiti 140 tu kwa safari moja. Kila herufi ikipewa biti 7 badala ya 8, baiti hizo 140 zinabeba herufi 160 kamili.

Simu zilipoanza kutuma zenyewe, kompyuta haikukaa pembeni. Modemu yenye laini, au simu iliyochomekwa waya, huamrishwa kwa lugha iliyotokana na modemu za Hayes za mwaka 1981. Fundi anaandika AT, modemu inajibu OK. Anaandika AT+CMGS na namba ya mpokeaji, inatokea alama ya >, anaandika ujumbe, anabonyeza Ctrl na Z kwa pamoja, umeondoka. Intaneti haihitajiki hata kidogo. Mnara ukisoma, inatosha.

Hapo ndipo Ken Banks alipoiona nafasi. Alikuwa amefanya kazi na wahifadhi wa Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, waliotaka kuwasiliana na wanavijiji wanaoizunguka. Mwaka 2005 alitoa FrontlineSMS, programu ya bure iliyogeuza kompyuta mpakato na simu moja kuwa kituo cha kuwatumia watu wengi meseji na kupokea majibu yao. Waangalizi wa kiraia waliitumia katika uchaguzi wa Nigeria wa 2007. Mwaka uliofuata ilifika Hospitali ya St. Gabriel's, Namitete, Malawi, na wahudumu wa afya wa vijijini wakaanza kuripoti habari za wagonjwa bila kufunga safari kwenda hospitali.

Kuna jambo moja linalowahusu hasa wanaoandika Kiswahili kwenye kompyuta, nalo linastahili kujulikana zaidi. Alfabeti ya meseji ina ile alama ya ng' iliyonyooka. Lakini programu nyingi za kuandikia huipinda zenyewe, na alama iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima unahamishiwa mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 150, likinakiliwa hivyo na kutumwa kwa wafugaji, linakatwa vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa. Chama cha ushirika kinaweza kumaliza bajeti yake kwa sababu ya alama moja ambayo jicho halikuiona.

Mfano wa meseji na kompyuta kufanya kazi pamoja ninaouthamini kuliko yote ni wa Tanzania. Kuanzia mwaka 2009, kwa wiki 21, mpango wa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwenye vituo vya afya 129. Tatizo lilikuwa chungu na la siku nyingi: mama anafika zahanati na mtoto mwenye malaria, dawa imekwisha, na wilayani hakuna anayejua. Kila Alhamisi mhudumu alipokea meseji ya kumkumbusha ahesabu akiba ya dawa mseto, katika aina zake nne za pakiti, na ya kwinini ya sindano. Alijibu kwa meseji isiyomkata salio, na aliyewahi aliongezewa salio. Majibu yaliingia kwenye mfumo wa kompyuta, maofisa wa wilaya wakaona kituo kipi kimeishiwa na kipi kina ziada ya kuhamishwa.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa walau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini iliondokana na upungufu huo kufikia wiki ya nane. Takwimu zote hizo zilitoka kwenye simu za kawaida za wahudumu, kwa meseji zisizofika hata nusu ya zile herufi 160 za Hillebrand.